Mumunye la Wizi

Jumatatu, 25 Novemba

Mwaka huu ni wangu. Naandika kwa wino, nisije nikajikana baadaye.

Miaka tisa mfululizo Mtoto Yesu wa mbao amekaa kwa Doña Zunilda, jirani yetu wa ng'ambo ya uzio. Tisa! Kila mkesha wa Krismasi mtaa mzima unapeleka malimbuko ya bustani kanisani. Tunayapanga mbele ya hori, na Doña Melania, mwenye funguo za kanisa, anachagua zao lililotia fora. Nyumba iliyolileta inamchukua Mtoto na kukaa naye mwaka mzima. Na kila mwaka ni Zunilda, Zunilda, Zunilda. Utadhani Bethlehemu iko jikoni kwake.

Mimi binafsi sina shida. Nilikuwa mkuu wa stesheni mpaka treni zilipoacha kusimama hapa. Heshima ninayo, sigombanii sanamu. Shida ni mke wangu Orfelina. Utotoni mwake Mtoto alikaa kwao, kwa mama yake, na yeye ndiye aliyekuwa akimfuta vumbi. Tangu mama afariki, hajakaa naye tena. Amemfumia kitambaa cha kumlazia. Kitambaa kiko kabatini, kimeshaanza kugeuka manjano. Leo nimemkuta anakianika. Nikamuuliza cha nini. Akasema eti kinanuka kabati. Kisha akakikunja taratibu akakirudisha, wala hakuniangalia.

Iliniuma. Nimeapa: Krismasi hii Mtoto analala kwangu, kufa au kupona.

Hali ya bustani yangu: vitunguu vimekonda. Nyanya bado zinafikiria. Maharage yameliwa na kitu nisichokijua. Kuna kazi.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeiba! Na nimeiba vizuri.

Hakuna asiyejua hapa bondeni kwamba mche wa wizi unashika kuliko mwingine wowote. Wa kununua unadumaa. Wa kupewa ndiyo kabisa, tena ukithubutu kusema asante umeshauzika kaburini. Kwa hiyo nisingeweza kumwomba Zunilda hata kama ningekosa aibu. Ilibidi kuiba, kitaalamu.

Tangu jana nilikuwa napiga chabo kwenye uzio. Nikaona makopo sita ya miche ya mumunye, majani mapana kama sahani, mengine yana vitumba tayari. Yamepangwa pale pale penye tundu la uzio! Mkono ungeyafikia. Uzembe gani huu? Ushindi wa miaka tisa umemlewesha mwanamke.

Nikangoja saa ya kulala baada ya chakula cha mchana. Mtaa huu ukishakula maharage hakuna anayetikisika, hata mbwa. Nikavaa aproni ya Orfelina. Nia: mtu akiniona kwa mbali adhani ni Orfelina anaanika nguo. Masharubu niliyasahau, lakini kwa mbali hayaonekani.

Nikapita tunduni. Waya ukanishika suruali, ukabaki na kipande. Kuku mmoja akanitazama kwa dharau. Nikachukua makopo matatu, nikaacha matatu. Mimi si mshenzi.

Narudi, namkuta Orfelina mlangoni, macho makavu, hana hata dalili ya usingizi. Akauliza nimevaa aproni yake kwa sababu gani. Nikasema nilitaka kuosha vyombo. Akasema vizuri sana, viko pale. Nikaosha vyote, pamoja na sufuria kubwa iliyoungua Jumapili. Lakini nilikuwa naosha huku nacheka moyoni.

Jumapili, 1 Desemba

Imeshika yote mitatu! Hakuna hata jani lililolegea. Wizi ni mbolea, nasema.

Baada ya misa Zunilda akanisimamisha kwenye uzio. Jasho likanitoka. Akauliza bustani inaendeleaje, nikasema hivyo hivyo tu. Akasema miche yake imepungua, huenda ni konokono. Nikaitikia haraka kwamba konokono wa mwaka huu ni wakubwa ajabu. Akasema kweli jirani, wengine wanavaa hadi aproni.

Sikumwelewa. Nadhani jua lilikuwa limempanda kichwani. Nikamuaga nikaingia ndani kwa mwendo wa mtu asiye na hatia.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nimepambana na maji. Matokeo: ushindi, ukitazama kwa jicho la haki.

Zamu yetu ya mfereji ni Jumamosi. Mumunye halijui Jumamosi, linataka kunywa. Basi nikasubiri rozari. Kila Alhamisi mtaa mzima unakwenda kusali kwenye nyumba yenye Mtoto, na mwenye nyumba anawapa chai na mkate. Orfelina hakosi. Anakaa kiti cha nyuma, anamtazama Mtoto, anarudi nyumbani kimya, na mimi nabaki sijui niweke wapi mikono.

Walipoanza kuimba, nikafungua lango la mfereji upande wangu. Maji yakaja kwa adabu, yakaingia kwenye mashimo ya mimumunye. Nikajitengenezea yerba mate, chai yetu chungu ya majani, nikaketi kivulini niyatazame maji. Sijui ilikuwaje. Nilipofumbua macho, miguu ilikuwa imelowa, na maji yalikuwa yanatoka jikoni kwangu kupitia mlango wa mbele. Gunia la unga lilikuwa limekaa dimbwini. Ndara zangu zilikuwa zimeondoka bila mimi.

Ndara zilielea mpaka mlangoni kwa Zunilda, wakati ule ule watu wanatoka kusali. Doña Melania akaziokota, akasema hizi ni za Don Evaristo, nazijua kwa kisigino. Ikabidi nijitokeze pekupeku. Nikasema nilikuwa naosha sakafu. Wanawake wakanipigia makofi. Mmoja akamwambia mumewe aje ajifunze kwa wenzake. Mume yule hatanisalimia tena, najua.

Orfelina alikamua mazulia yote peke yake, akayaanika. Afadhali angenitukana. Lakini mimumunye ilikunywa ikashiba!

Jumanne, 10 Desemba

Maua! Bustani imewaka manjano.

Nimeyakagua kama nilivyokuwa nikikagua wafanyakazi wa stesheni. Yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ina kijimumunye kidogo nyuma, hiyo inachapa kazi. Ya pili imesimama kwenye kikonyo chembamba, haina chochote, inajishaua tu na kunywa maji yangu. Wavivu! Kwenye stesheni yangu mvivu hakumaliza wiki. Nikayachuma yote ya aina hiyo, na vitumba vyake pia, nisibakize mbegu ya uvivu.

Orfelina alikuwa sokoni. Nikachovya wavivu kwenye unga na yai, nikakaanga, nikala na chumvi. Tamu kupita maelezo. Sikumbakizia, maana angeuliza. Sasa nguvu yote itakwenda kwa wachapakazi. Sijui kwa nini watu hawafikirii mambo madogo kama haya.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimekwisha.

Vijimumunye vinageuka manjano, vinaoza nchani, vinadondoka. Kimoja, viwili, asubuhi hii vingine. Limebaki ua moja tu la kichapakazi, limefunguka leo. Nikaona nimwambie Orfelina, kwa njia ya mbali, kama mtu anayesimulia ya rafiki. Akauliza huyo rafiki aliyapeleka wapi maua dume. Nikauliza dume gani. Akanieleza: yale yenye kikonyo chembamba ndiyo madume, bila chavua yao majike hayabebi kitu.

Nimewakaanga waume! Wote! Kwa chumvi!

Orfelina alicheka mpaka akakaa kwenye sanduku la kuni. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba wa mama yake. Kisha akafuta macho akasema ua likifika adhuhuri linajifunga, kwa hiyo rafiki yangu afanye haraka. Akasema madume yapo kwa Zunilda, amepita akayaona.

Mbio mpaka kwenye uzio. Zunilda alikuwa pale pale, kana kwamba ananingoja, na mkononi ana dume moja kubwa la mumunye. Akalipenyeza tunduni. Akasema chukua jirani, mpelekee Orfelina apambe meza.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego! Kitu cha kupewa! Nikilipokea limekufa, na mumunye linakufa nalo, na Orfelina anarudi kwenye kiti chake cha nyuma. Sikuwa na jinsi. Nikamrudishia. Nikasema sitaki maua yako, meza yetu haina shida. Nilikuwa mkali kidogo. Orfelina alikuwa dirishani, nikamwona anajipiga paji la uso.

Zunilda akalitazama ua, akanitazama mimi. Akavuta pumzi ndefu. Kisha akapaza sauti, ingawa nilikuwa mbele yake tu, akasema haya, basi analiweka hapa juu ya ndoo, na yeye anaingia ndani kusikiliza redio, na akishaingia hatoki, na redio yake ina kelele mno hasikii kitu. Akaingia. Akafunga na dirisha.

Sijawahi kuona mtu anayejianika hivyo mbele ya mwizi. Nikaruka, nikaiba, nikarudi. Nikalisugua dume kwenye jike polepole, kofia mkononi, kama padri anayefungisha ndoa. Jua lilikuwa karibu utosini. Mungu wangu, lishike.

Jumatano, 18 Desemba

Limeshika! Limeshika, limeshika, limeshika!

Linakua waziwazi. Juzi lilikuwa kidole, leo limezidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, kijani linang'aa, lina michirizi kama limechorwa. Nimelitandikia majani makavu lisiguse tope. Nawafukuza shomoro. Jana kamtu fulani kalisimama barabarani kakasema loo, mumunye gani hilo, bila kusema Mungu alibariki. Kijicho kitupu! Nikakimbilia ndani kutafuta kitu chekundu cha kulifunga, maana zao lililopigwa jicho halina wiki.

Hakukuwa na utepe. Kulikuwa na sketi nyekundu ya Orfelina, ile ya sikukuu. Nikakata upindo, kidogo tu, sehemu ya nyuma.

Ameiona leo. Nikasikia kabati linafungwa, nikajua leo nalala nje. Akatoka na sketi mkononi, akaja mpaka bustanini. Akalitazama mumunye muda mrefu. Kisha akapiga magoti, akafungua fundo langu, akalifunga upya. Akasema mzee, ulikuwa umelibana, halipumui. Akaingia ndani na sketi yake.

Nilitaka kumkumbatia pale pale, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa samadi. Baada ya kunawa nikaona haya.

Jumapili, 22 Desemba

Msiba. Zunilda ana kitu chini ya shuka.

Nililiona shuka jana, limetandazwa katikati ya bustani yake. Leo kwenye saa ya kulala nikapanda juu ya pipa nichungulie, upepo ukalifunua. Mumunye! Kubwa kuliko langu! Ni lile la miche mitatu niliyomwachia. Huruma yangu mwenyewe imeniponza. Pipa likaniangusha, nimeteguka kiuno.

Nikafikiria kumfungulia mbuzi. Mbuzi sina. Nikafikiria kuazima. Mwishoni nikakaa jikoni nikamweleza Orfelina ukweli, kwamba tumeshindwa, kwamba lile la Zunilda litaonekana baba wa la kwetu. Nikasema anisamehe kuhusu sketi.

Orfelina akanipaka dawa kiunoni. Akafikiri kidogo. Akasema anakwenda kwa Zunilda kuazima sukari. Nikashangaa, saa kama hii mtu anawaza sukari! Alikaa huko kitambo kirefu, na akarudi bila sukari. Jioni nyumba ya Zunilda ikanuka mumunye la kuokwa, lenye jibini na vitunguu. Limeletwa hata kwetu, sahani kubwa. Nilikula kwa uchungu, ingawa lilikuwa zuri.

Jumanne, 24 Desemba

USHINDI.

Ngoja nishike kalamu vizuri. USHINDI!

Tuliondoka nyumbani jua bado liko juu ya vilima. Mumunye kwenye toroli, limefunikwa taulo jipya. Mimi suti ya stesheni, vifungo vyote. Orfelina sketi nyekundu, fupi kidogo upande wa nyuma. Kanisani kulishajaa: pichi za kwanza, mahindi mabichi, vitunguu vilivyosukwa, mtu mmoja kaleta nyanya moja tu lakini kaibeba kama askofu. Nikatafuta mumunye la Zunilda. Hakuna! Alikuwa na kishada cha rehani, yale majani ya kunukia, basi. Rehani, mwanamke mshindi wa miaka tisa! Nikajua amefyata mkia. Ameliona langu, akaona bora ale lake kuliko kuaibika.

Doña Melania akapita kwa kila mtu, anauliza yale yale. Akafika kwangu. Don Evaristo, zao hili limekulia kwenye udongo wako? Nikasema ndiyo. Umelipanda kwa mkono wako? Nikasema ndiyo, mkono huu hapa. Zunilda akakohoa. Melania akageuka, akauliza kama kuna mwenye neno juu ya mumunye hili.

Zunilda akainua mkono.

Nikamwona Orfelina ameshika ukingo wa benchi. Nikajisemea yamefika, atataja makopo, atataja aproni, na Orfelina hatainua uso mtaani mpaka kufa. Zunilda akasema ana neno moja tu. Akasema hajaona mumunye zuri kama hili tangu azaliwe, na yeye rehani yake anaitoa mashindanoni, iwekwe kwenye supu.

Melania akalipapasa mumunye, akalinyanyua, akaguna kwa uzito wake. Akasema: Mtoto anakwenda kwa Orfelina.

Kwa Orfelina, alisema. Sikusahihisha.

Mke wangu alimpokea kwa mikono miwili. Nikamwambia anipe nimsaidie, njia ina mawe. Hakunipa. Alimbeba mtaa mzima, watu wanaimba nyuma, watoto wanapuliza filimbi za udongo. Nyumbani akatandika kile kitambaa juu ya meza ndogo, akamlaza, akamfuta kidole cha mguu kwa pembe ya shali yake. Akasema mama angeona. Halafu akalia. Mimi nililia pia, na siandiki kwamba ni vumbi. Nililia kwa sababu nilikuwa nampenda na nilikuwa nimeshinda, vyote kwa pamoja.

Alhamisi, 26 Desemba

Rozari ya kwanza kwetu. Mtaa mzima ulikuja. Viti vikaisha, watu wakakaa kwenye sanduku la kuni, wengine kitandani kwangu. Mkate ukaisha kabla ya sala kwisha. Nimechemsha chai mara zisizo na idadi, na hii ni Alhamisi ya kwanza tu, mwaka mzima uko mbele.

Jikoni, mvuke umetanda, Orfelina akaniambia mambo. Akaniambia miche ile ilikuwa yake. Aliiotesha mwenyewe nyuma ya kibanda cha kufulia, akampa Zunilda aiweke penye tundu. Zunilda amechoka na Alhamisi zake, miguu inamvimba, miaka tisa anawapikia watu chai. Lakini Mtoto hatolewi zawadi, lazima ashindaniwe, na mtaani hakuna anayeshika jembe kwa moyo. Na angenipa mimi miche hiyo ingekufa, maana mche wa kupewa hauishi. Basi wakakaa wawili wale wakaona kilichobaki ni kunifanya mimi niibe. Ndiyo maana makopo yalikuwa penye tundu. Ndiyo maana ua likawekwa juu ya ndoo. Ndiyo maana mumunye la Zunilda likaingia tanurini Jumapili. Akanishika shavu. Akasema asante mzee.

Nilisimama na birika mkononi nikitafakari. Wanawake wawili, akili zote hizo, mipango yote hiyo, walikosa nini? Mwizi! Bila mimi wangebaki na makopo sita. Nani aliyevaa aproni? Nani aliyepasua suruali? Kumbe nilikuwa nguzo ya jambo zima hata kabla sijajua kuna jambo. Sijui watu wanaishije bila kipaji.

Nikarudi sebuleni kifua mbele. Zunilda alikuwa amefika wa kwanza kuliko wote, ameketi kwenye kiti changu, amevua viatu, miguu juu ya kigoda changu. Nilimwonea huruma, lakini mshindi lazima aseme ukweli. Nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye alikaa na Mtoto miaka tisa, mimi nitakaa naye kumi.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema hata kumi na tano jirani, Mungu akupe nguvu, naomba na chai nyingine, sukari nyingi. Akacheka mpaka machozi yakamtiririka mashavuni.

Maskini. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa vibaya namna ile.